Stella de Oro: mizizi ya kununua na ahadi ya maua msimu mzima

Lebo za Stella de Oro, mmea wa maua ya bustani, hupenda kusema mambo mawili: inatoa maua msimu mzima, na haitaki matunzo. La kwanza ni kweli, ila lina masharti. La pili ni chumvi ya muuzaji.

Hii ni aina ya deilili (Hemerocallis, kwa Kiingereza daylily) iliyozalishwa na Walter Jablonski wa Marekani na kusajiliwa mwaka 1975. Mwaka 1985 ilitwaa Nishani ya Fedha ya Stout, tuzo kubwa kuliko zote kwa deilili. Ua ni la rangi ya dhahabu, upana wa sentimita 7 hivi, na bua limesajiliwa kwa urefu wa sentimita 28. Penye udongo mnono linapanda zaidi ya hapo, lakini likikupita magoti ujue umeuziwa kitu kingine. Rangi hiyo ni kali; ikikaa jirani na waridi la pinki hugombana nalo, ila kando ya maua ya zambarau inapendeza.

Ukinunua mizizi mitupu, yaani isiyo na udongo, bonyeza kwanza kitako, pale majani yanapokutana na mizizi. Kiwe kigumu kama karoti mbichi. Kikibonyea au kikinuka uvundo, kiache hapo hapo. Mizizi iliyosinyaa kidogo haina neno: iloweke saa moja au mbili, itajaa. Chipukizi moja jembamba litakusubirisha mpaka mwaka wa pili, kwa hiyo ni afadhali uongeze hela upate shina lenye mawili au matatu.

Chagua mahali panapopigwa na jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Chimba shimo la sentimita 30, changanya mboji, kisha tengeneza kichuguu kidogo katikati. Kalisha kitako juu yake, mizizi iteremke pande zote, na ufukie kitako kisizidi sentimita 2.5 chini ya udongo. Kosa la wengi liko hapa: shina lililozama sana huota majani bila maua, na penye maji yanayotuama huoza. Kati ya shina na shina acha sentimita 40.

Sasa ile ahadi ya msimu mzima. Kila ua huishi siku moja tu, na likichavushwa huacha kitunda cha kijani kinachonyonya nguvu ya mabua yajayo. Kunyofoa petali zilizonyauka hakusaidii, maana kitunda kinabaki. Shika chini ya ua, vunja pamoja na kile kivimbe kilicho chini yake. Husikika “tak” ndogo. Bua likiisha matumba yote, likate karibu na ardhi. Maji nayo yasikatike baada ya mkupuo wa kwanza wa maua: kina cha sentimita 2.5 kwa wiki, mvua ikihesabiwa. Mbolea yenye naitrojeni nyingi itakupa majani marefu ya kulala chini na maua ya kuhesabu, hivyo tumia iliyosawazishwa, kidogo, mwanzoni mwa msimu.

Hata ukifanya yote hayo, shina likisongamana maua hupungua. Kila baada ya miaka mitatu hadi mitano ling'oe lote, likung'ute udongo, litenganishe kwa mikono au kwa uma mbili za bustani zilizopeana mgongo. Fupisha majani yabaki sentimita 15, kisha panda vipande vya machipukizi mawili au matatu. Usihangaike na mbegu. Miche yake haifanani na mama.

Vidukari hufichama katikati ya majani machanga. Maji yanayorushwa kwa nguvu huwatoa. Kutu, ugonjwa wa ukungu wa majani, hutambulika kwa kidole: pangusa upande wa chini wa jani, ukibaki na unga wa rangi ya chungwa, kata majani yaliyoshambuliwa, yatupe mbali, na umwagilie chini badala ya juu ya majani. Mwenye paka asinunue kabisa, kwani mmea wote huharibu figo za paka.

Lebo nyingi hunyamazia baridi. Majani ya Stella de Oro hukauka na mmea kulala wakati wa baridi, na usingizi huo inauhitaji. Pasipo baridi hudhoofika mwaka hadi mwaka, hata matunzo yawe mazuri namna gani. Bustani ya joto mwaka mzima itafute deilili za majani yasiyokauka.