Presi ya mkononi kwa upinde wa makapi mkongwe: inafaa kununua?

Upinde wa makapi ni ule wenye kapi (puli) kwenye ncha ya kila mkono, ugwe wa kuvutia mshale, na kebo zinazopita kwenye makapi hayo. Presi yenyewe, ya kuubana upinde huo, ni waya wa chuma, skrubu ndefu yenye mpini wa kuzungusha, na kulabu mbili za kushika ncha za mikono ya upinde. Unazungusha, mikono inakaribiana, ugwe na kebo vinalegea upate kuvibadilisha. Kwa Unguja na Pemba jawabu letu ni ndiyo, inunue. Darajani utapata alenki na mafuta ya cherehani, lakini ugwe wa upinde utauagiza nje tu, na kuusafirisha upinde mzima kwa fundi ni gharama ya bure.

Ugwe uagize kwa vipimo vya kibandiko cha kwenye mkono wa upinde, si kwa kupima ule wa zamani, kwani umeshavutika na utakudanganya. Upinde wa zamani wenye kebo za chuma uliundiwa ugwe wa dakroni, yaani nyuzi za poliesta zinazovutika kidogo. Usiufunge nyuzi za kisasa zisizovutika, maana mshtuko wa kila mshale huishia kwenye makapi na ncha za mikono.

Kabla ya kugusa skrubu, pitisha pamba kila ukingo wa mikono. Ikinasa pahala, kuna ufa, na kazi imekwisha hapo: mkono wenye ufa haubanwi. Ikiwa mizima, piga picha njia ya kila kebo, pima umbali wa ekseli (pini ya kapi) hadi ekseli na wa ugwe hadi mpini wa upinde, kisha legeza bolti za mikono, juu na chini mizunguko sawasawa, bila kuvuka kikomo cha mtengenezaji.

Hapa ndipo presi inapodai umakini. Kulabu zikae ncha kabisa, karibu na ekseli. Zikirudi katikati, mkono unapindishwa pasipoundwa kupindishwa. Mikono iliyogawika pacha inahitaji vishikio vyake maalumu, na seti nyingi za bei rahisi hazina, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Zungusha mpaka ugwe ulegee tu, usizidishe. Badilisha kebo moja moja, ugwe mwisho.

Ukishalegeza presi na kurudisha bolti zilivyokuwa, pima tena. Urefu ukizidi, ongeza msokoto. Kila msokoto hufupisha. Vuta polepole kwanza, mshale ukiwa umewekwa na kuelekezwa kwenye shabaha: makapi yote mawili yafike kikomo pamoja. Kuachia ugwe bila mshale kunaweza kuvunja mikono papo hapo. Baada ya mishale ya mwanzo ugwe hutulia, kwa hiyo vipimo virudiwe.

Nta ya nyuki inatosha kwa ugwe, isipokuwa sehemu zilizoviringwa uzi. Ya mshumaa hukauka ikabanduka. Upinde usiachwe ndani ya gari lililofungwa juani.

Kasoro kubwa ya presi ni waya wake. Kwa chumvi ya hewa yetu unashika kutu upesi, na uzi mmoja wa waya huo ukikatika usiutumie tena. Ufute, uupake mafuta, na pesa ya waya wa akiba iweke kwenye hesabu tangu siku ya kuagiza.