Laki moja na nusu mkononi: fremu kamili au kamera ndogo ya vlogu?

"Mjomba, nina laki moja na nusu. Ninunue ipi?"

Mpwa wangu aliniandikia hivyo, chini yake picha mbili: Sony A7 III ya mkono wa pili iliyokuwa ikiuzwa na jamaa mmoja mtandaoni, na Sony ZV-1 ndani ya boksi, katika duka moja la mjini Nairobi karibu na Kimathi Street. Kijana huyu hurekodi vyakula vya mitaani, mutura, viazi karai, nyama ya Burma, na Jumamosi mojamoja huitwa kupiga picha za ruracio, sherehe ya kupeleka mahari. Sikumtajia kamera. Nilimuuliza: siku zako nyingi, kamera unaishika mwenyewe ukijirekodi, au unasimama nyuma yake ukirekodi wengine?

Nauliza hivyo kwa sababu niliwahi kuumia. Zamu yangu ya chama ilipofika, nilikimbilia A7 III na lenzi ya 24-105. Mwili wake gramu 650, lenzi gramu 663, jumla kilo moja na robo na zaidi. Jaribu kuinyoosha pakiti ya sukari ya kilo moja mbele ya uso wako kutoka Railways hadi Gikomba huku ukiongea na kutabasamu, kisha uniambie mkono unasemaje. Na skrini ya A7 III huinuka na kushuka tu, haigeuki ikutazame. Jioni nilipofungua klipu nikakuta paji la uso limekatwa kwenye karibu zote, na moja nzuri kabisa ilikuwa ya sikio langu la kushoto. Ndani ya matatu makanga aliniuliza natoka kituo gani cha televisheni. Mama niliyetaka kumhoji kuhusu bei ya nyanya aliivuta leso akajifunika uso. Kamera kubwa huingia sokoni kabla yako.

Hata hivyo siitukani. Sensa yake ya fremu kamili, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ina ukubwa wa milimita 36 kwa 24. Ile iitwayo ya inchi 1 iliyomo ndani ya ZV-1 ni 13.2 kwa 8.8, ndogo zaidi ya mara saba kwa eneo. Tofauti hiyo mchana wa Uhuru Park huioni. Utaiona saa moja jioni ndani ya hema la ruracio, pale wazee bado wanahesabiana mbuzi na taa ni balbu mbili zilizoning'inizwa kwenye nguzo. Hapo kamera ndogo huanza kumwaga chembechembe kwenye ngozi za watu kama mchanga, na nyuso nyeusi ndizo huumia kwanza.

Kwa mtu mwenye laki moja na nusu, anayejirekodi siku nyingi na kupata kazi ya kulipwa mara chache, mimi ningezipanga hivi.

Ya kwanza: Sony ZV-E10. Si fremu kamili na si kamera ya mfukoni, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Ilitoka mwaka 2021, ina sensa ya APS-C, ukubwa wa kati ya hizo mbili, na uzito wake ni gramu 343 pamoja na betri. Skrini hugeuka ikakutazama. Ina tundu la maiki na tundu la hedifoni, na hiyo ya pili watu huisahau mpaka warekodi saa nzima ya ukimya. Kikubwa zaidi ni kwamba lenzi zake hutoka na kuingia, na mdomo wake, pale lenzi inaposhikia, ni uleule wa A7. Ukinunua leo lenzi nzuri ya fremu kamili, siku ukihamia mwili mkubwa unahama nayo.

Kasoro zake nazijua pia. Haina kizuia mtikisiko ndani ya mwili, kwa hiyo ukitembea picha inaruka, na ukiwasha kile cha kielektroniki inakata kingo na uso wako unajaa skrini nzima. Ukiigeuza upesi, nguzo za stima zinalala upande. Haina kitundu cha kuchungulia, kwa hiyo jua la saa sita ukiwa Kamukunji utabahatisha tu. Bei ya uzinduzi Marekani ilikuwa dola 799 pamoja na lenzi ndogo ya 16-50. Piga hesabu kwa shilingi 130 hivi kwa dola, unapata kama 104,000 kabla ya usafiri na ushuru. Iliyotunzwa ya mkono wa pili hukuachia nafasi ya kununua maiki.

Ya pili: DJI Osmo Pocket 3. Kama kazi yako yote ni kutembea na kuongea, ipandishe iwe ya kwanza. Gramu 179, kichwa chake kinaelea juu ya mota tatu, unaweza kupanda ngazi za Bazaar Plaza ukiongea na picha ikatulia kama maji ya mtungini. Ilizinduliwa Oktoba 2023 kwa dola 519. Sensa ni ya inchi 1, lenzi ni moja na haibadiliki, wala kioo chake hakivuti vya mbali vikaja karibu. Betri iko ndani na haitoki, lakini inachaji upesi sana: dakika 16 hufika asilimia 80. Nayo haitishi mtu. Mama wa nyanya angenijibu.

Ruracio usiende nayo. Si kwa sababu ya picha tu. Mteja aliyelipa pesa zake akikuona na kijiti kile ataanza kukuuliza wapiga picha wanafika saa ngapi.

Ya tatu: A7 III ya mkono wa pili. Hii ndiyo niliyoumia nayo, na bado naiweka hapa. Ilitoka 2018 na hadi leo inalisha familia nyingi mjini. Sababu moja inatosha: ina nafasi mbili za kadi za kumbukumbu. Ukiipanga hivyo, kila picha inaandikwa mara mbili kwa wakati mmoja. ZV-E10, ZV-1 na Pocket 3 zina nafasi moja moja. Kadi ikifa siku ya vlogu, utarudia kesho. Kadi ikifa siku ya harusi, hakuna maharusi watakaorudi kanisani wakuvalie tena. Kama kalenda yako imeandikwa majina ya wateja mpaka Desemba, hii ndiyo yako. Kumbuka tu kwamba mwili bila lenzi ni tofali, na lenzi nzuri inaweza kuuzidi mwili wenyewe kwa bei.

Ya nne: Sony ZV-1. Ya mwaka 2020, gramu 294. Ina kichujio cha kupunguza mwanga ndani yake, jambo la maana kwenye jua letu, na kuna kitufe kinachoifanya fokasi iruke haraka kwenye kitu unachokisogeza mbele ya lenzi. Mwenye kuuza viatu au vipodozi mtandaoni atakipenda kitufe hicho kuliko kamera yenyewe. Lakini betri yake ni ndogo, dakika 45 hivi za kurekodi kwa hesabu ya kiwanda, na upana wa milimita 24 ni finyu ukiishika kwa mkono. Haina tundu la hedifoni. Tangu Pocket 3 itoke, sioni sababu nyingi za kuinunua mpya.

Ya mwisho: A7 IV mpya. Kamera tamu, megapikseli 33, skrini inageuka. Dola 2,499 za uzinduzi, bila lenzi. Hata kwa hesabu ya kwenye karatasi hiyo ni zaidi ya laki tatu. Ikodishe siku ya kazi. Mjini wako wanaokodisha kwa siku ukiacha kitambulisho na amana, na gharama hiyo mwandikie mteja kwenye bei yako. Siku ukiona umekodi wikendi nne mfululizo, hapo tuongee.

Kuna ambao hawahitaji yoyote kati ya hizi. Kama simu yako inarekodi vizuri mchana na watu wanalalamika kwamba hawakusikii, nunua maiki ya kubana kwenye kola na uniache mimi na kelele zangu. Honi za matatu na jenereta ya kinyozi hazijali ukubwa wa sensa.

Sasa kununua. Nairobi hapo ndipo pesa hupotelea.

Kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na menyu ya Kijapani peke yake. Iwashe dukani, nenda kwenye lugha, hakikisha Kiingereza kipo. Usikubali kuambiwa kuna fundi atabadilisha.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Mashine iliyopangwa kwa Marekani hurekodi fremu 30 au 60 kwa sekunde, na chini ya taa za tyubu video inapepesa. Iweke kwenye PAL, mpangilio wa nchi za hezi 50, fremu 25 au 50, na shata, ile kasi ya kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Wengi hurudisha kamera nzima dukani kwa kosa la mpangilio.

Kadi nunua mahali watakapokupa risiti. Mimi niliwahi kuuziwa kadi ya GB 128 kwenye kibanda kimoja, bei tamu. Ilipokea kila kitu bila kulalamika, na nilipofika nyumbani faili za nusu ya kwanza zilifunguka, zilizobaki zilikuwa majina matupu. Siku hizi kila kadi mpya naijaza hadi pomoni kwenye kompyuta na kuisoma tena kabla haijaona kazi.

Ya mkono wa pili, elekeza lenzi kwenye anga tupu, punguza mwanya wa lenzi hadi f/16, piga, kuza picha: vumbi la sensa litajitokeza kama madoa. Uliza shata imepiga mara ngapi. Ya A7 III kiwanda huihesabia 200,000. Linganisha namba ya mwili na ile ya kwenye boksi. Na lenzi iliyokaa Pwani iangalie mara mbili, unyevu wa kule huzalisha kuvu ndani ya kioo.

Mpwa wangu alikutana na muuzaji wa ZV-E10 kwenye mkahawa wa duka kubwa, adhuhuri, watu wamejaa. Aliitoa lenzi, akawasha tochi ya simu na kuipitishia kwa nyuma. Ndani kulikuwa na nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Muuzaji akasema ni vumbi. Kijana akafuta kioo cha mbele, akafuta cha nyuma, nyuzi ziko palepale. Alilipia mwili peke yake, na lenzi akamwachia mwenyewe.