Nikkor 35mm f/2D: kamera zimepita, lenzi imebaki

Kila uchaguzi unapokaribia, vijana wa magazeti hunipigia simu: "Anti, ninunue kamera gani?" Nawauliza wana shilingi ngapi, halafu nawaambia fedha nyingi ziende kwenye lenzi. Wengi hunyamaza. Walitaka kusikia jina la kamera iliyotoka mwaka huu, mimi nawatajia kilenzi cha plastiki ambacho baadhi yao kimewazidi umri.

Chenyewe ni AF Nikkor 35mm f/2D. Nikon waliitoa mara ya kwanza mwaka 1989, ile yenye herufi D ikafuata mwaka 1995. Uzito wake ni gramu 205, chujio lake ni la milimita 52, na inaweza kukisogelea kitu hadi sentimita 25. Yangu niliinunua kwa mwandishi wa kigeni aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, ikiwa tayari imechubuka ukingoni. Nimeivalisha kamera tatu tofauti kabisa na bado inafanya kazi. Ndiyo maana naiandikia tathmini hii, ingawa dukani huikuti mpya.

Kamera ya kwanza ilikuwa Nikon FM2 ya ofisi. Hiyo ni mashine ya chuma ambayo betri zake mbili ndogo zinalisha mita ya mwanga tu. Zikiisha, shata, lile pazia la kuruhusu mwanga uingie, inaendelea kupiga mpaka 1/4000 ya sekunde bila kinyongo. Kwa mtu aliyetumwa kaskazini mwa Uganda wakati wa vita vya mwasi Joseph Kony, mahali ambapo umeme ulikuwa habari ya kusimuliwa, hilo halikuwa jambo dogo. Lenzi hii ina pete ya aparcha, yaani ya kupanua na kubana tundu la mwanga, kwa hiyo inakaa kwenye FM2 vizuri kabisa: kidole gumba na cha shahada vinazungusha pete, jicho liko kwenye kitundu, hakuna skrini ya kukuvuruga.

Pale Gulu, watoto walikuwa wakitoka vijijini jioni wakija kulala mjini kwa kuogopa kutekwa. Walijaa kwenye veranda na ndani ya uzio wa hospitali ya Lacor, wengine wamebeba mikeka, wengine wamebeba wadogo zao. Flashi usingeweza kuwasha, ungewaamsha na kuwatisha. Nilikuwa na filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga) na taa ya chemli iliyokuwa mbali, nikafungua lenzi mpaka f/2, upana wake wa mwisho, nikaegemea nguzo, nikapiga kwa 1/15 ya sekunde. Picha zilitoka na chembechembe, na pembeni hazikuwa kali, lakini nyuso zilionekana. Asubuhi filamu iliingia kwenye bahasha, bahasha ikaingia mkononi mwa kondakta wa basi, na mtu wa ofisi akaipokea stendi Kampala. Mimi nilijua kama fokasi, yaani ulengaji wa ukali wa picha, ilishika pale gazeti lilipopanda kaskazini.

Kamera ya pili ilikuwa Nikon D700, iliyotoka mwaka 2008. Megapikseli 12 tu, na kwangu zilitosha. Wanaodharau namba hiyo nawauliza ukurasa wa gazeti wanaujua upana wake. D700 ina mota ndani ya mwili wake ya kuzungusha lenzi za zamani kama hii, kwa hiyo nikapata autofokasi, kamera ikalenga yenyewe, bila kununua kitu kingine. Kuna jambo moja la kuzoea: pete ya aparcha lazima uifunge kwenye f/22, kuna kitufe kidogo cha kuikaza, kisha unaiamuru kwa gurudumu la kamera. Ikilegea, skrini inaandika FEE na shata inagoma. Nimeshuhudia mpiga picha mwenzangu akiitukana kamera yake mbele ya waziri kwa sababu ya herufi hizo tatu. Nilinyoosha mkono, nikazungusha pete, ikalia tik, akaendelea na kazi.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 makaburi ya Kasubi, Kampala, yaliungua. Nyumba ile ya nyasi walimolazwa Kabaka wanne, wafalme wa Buganda, iliyokuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, ilikuwa moto mtupu, na watu walilia huku wengine wakikimbia na ndoo. Hapo ndipo nilipoielewa kamera na lenzi kwa pamoja. Kwa ISO 3200 na f/2, moto wenyewe ulikuwa taa yangu. Autofokasi ilisumbua: gizani lenzi hii inatafuta, inakwenda mbele inarudi nyuma, zii, zii, kwa kelele. Nikaizima, nikapima kwa mkono kama zamani za filamu. Pete yake ya fokasi ni nyembamba na nyepesi mno, haina ule uzito mtamu wa lenzi za chuma, ila inatii.

Mwaka uliofuata yakaja maandamano ya kwenda kazini kwa miguu, na tarehe 10 Mei 2011 viongozi wa upinzani wakamwagiwa maji ya rangi ya pinki katikati ya jiji. Lenzi hii haina mpira wa kuzuia maji. Chujio lilipokea rangi, nikalifuta kwa ncha ya mtandio, nikaendelea. Jioni nililifungua nikaliosha kwa sabuni ya mche. Mpaka leo, ukiitazama kwa karibu, kwenye mifereji ya namba za umbali kuna alama za pinki, na namba moja ya futi imegeuka waridi kabisa.

Siku kama zile ndizo zilizonifanya nisiipende sana zumu kubwa, ile lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Zumu ya 80-200mm ni nzuri, ina zaidi ya kilo moja, na ukiiinua barabarani Kampala kila mwenye rungu anakuona. Nikiwa na 35mm wananidhania mpita njia mpaka nimeshafika. Nimekulia Bombo, kambini kwa wanajeshi, Kiswahili cha maafande nimekinywa na chai. Mmoja alishika mkanda wa kamera yangu akaniuliza, "Wewe mama, unampiga nani?" Nikamjibu, "Afande, nawapiga wote, hata wewe leo umependeza." Akaachia mkanda, akarekebisha kofia. Mwenzangu mwenye zumu, mita chache nyuma, alirudi ofisini na mwili wa kamera bila lenzi.

Usinielewe vibaya, zumu ina mahali pake. Uganda Cranes walipoifunga Comoro 1-0 uwanjani Namboole tarehe 4 Septemba 2016 na kurudi Kombe la Afrika baada ya miaka 39, goli la Farouk Miya huwezi kulipata kwa 35mm ukiwa nyuma ya mstari. Ila nilipogeukia majukwaa, watu wakikumbatiana na wasiowajua, nilibadilisha haraka.

Sasa ubovu wake. Kwenye f/2 pembe za picha ni laini. Ukitaka ukali mpaka ukingoni, funga hadi f/4 au f/5.6. Jua la saa saba likiingia kwa mbele, picha inafifia, kwa hiyo tafuta kofia yake ya chuma, HN-3. Na lenzi za umri huu zina ugonjwa unaojulikana: mafuta ya ndani huteremka kwenye visu saba vya aparcha. Vikilowa vinajifunga kwa uvivu, na picha za mchana zinatoka nyeupe kupita kiasi.

Yangu iliugua. Nina fundi wangu, mzee mmoja aliyejibanza chini ya ngazi katikati ya jiji, kati ya mshona mabegi na muuza kava za simu. Aliielekeza kwenye dirisha, akasukuma kiwiko kidogo cha nyuma kwa ukucha. "Hajati, hii imelowa." Nikamuuliza, "Mzee, utaiweza?" Hakunijibu, alishaanza kufungua skrubu akizipanga kwenye kifuniko cha soda kwa mpangilio wa kutoka. Visu alivisafisha kimoja kimoja kwa petroli ya laita na pamba iliyosokotwa kwenye njiti, akivishika kwa kibano, bila kuongea. Mafuta mapya hakutia hata tone. Vinatakiwa viwe vikavu. Alipomaliza akasukuma tena kile kiwiko, visu vikafunga na kufunguka tap, tap. Alinitoza pungufu ya chakula cha mchana cha watu wawili. Lenzi mpya zilizojaa mota na saketi hazigusi, anasema wazi.

Kamera ya tatu ni Nikon Z6 II ninayotumia sasa. Haina kile kioo cha ndani kinachoruka, inaweza kupiga bila sauti, na kwenye mazishi ukimya huo ni adabu. Lakini kupitia adapta ya FTZ, kiungo cha kuivalisha lenzi za zamani, lenzi za kundi hili zinapoteza autofokasi, kwa sababu adapta haina mota. Mimi sijali, mikono yangu ilizoea kabla. Kijana aliyeanza na simu ataona ni adhabu. Na uwezo wake wa kutuma picha kwa simu, unaosifiwa sana, haukuwa na kazi Januari 2021 intaneti ilipozimwa kuzunguka uchaguzi. Kadi za memori zilisafiri kwa boda, ndani ya bahasha.

Kabla sijamaliza, habari ya filamu. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha picha za enzi ya Idi Amin zilizotolewa kwenye maktaba ya UBC, shirika la utangazaji la taifa, ambako makumi ya maelfu ya negativu yalikaa kwenye bahasha zake miaka yote hiyo. Zilikuwa kali, unahesabu vifungo vya sare. CD zangu za mwaka 2005 nusu yake hazifunguki. FM2 bado ninayo, ofisi iliniachia, na kila mwaka naipitishia filamu chache.

Ukiitafuta lenzi hii iliyotumika, kwanza, kama unataka autofokasi, hakikisha kamera yako ina mota: Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina. Kwenye kamera za sensa ndogo (sensa ndicho kipande kinachopokea picha) itakuwa kama 52mm, nzuri kwa nyuso. Isiyo na D ni ileile kwa macho, tofauti iko kwenye hesabu za mwanga na flashi, kwa hiyo usiongezewe bei kwa herufi moja. Imulike kwa tochi ya simu kutokea nyuma: utando mweupe wenye matawi ni kuvu, achana nayo. Sukuma kiwiko, tazama visu kama vinang'aa mafuta. Vikiwa na mafuta, punguza bei kwa kiasi cha fundi na uichukue.