Levothairoksini: wiki 3 za kwanza nilijuta, sasa siachi

Naandika kwa ajili ya dada yeyote aliyeanzishiwa juzi hivi vidonge vya kuongezea homoni ya thairoidi (ile tezi ya shingoni) na anaona bora angebaki na ugonjwa wake. Mimi nilianza na maikrogramu 50, homoni ya thairoidi ilikuwa chini sana, nywele zinabaki kwenye kitana, usingizi mchana kutwa. Nikajua nikimeza tu naamka mzima. Wapi! Siku ya nne moyo unadunda mpaka nausikia kwenye mto, mikono inatetemeka nikishika kikombe, usiku macho kodo, na ule uchovu wa mwanzo bado upo palepale, jamani nilikaribia kuvitupa.

Daktari akanishusha hadi 25 kwanza, akanieleza dawa hii inajijenga mwilini taratibu, kama wiki 6 hivi ndo unapima tena TSH, kile kipimo cha damu cha thairoidi, ujue dozi imekaa. Sasa kwa nini duka la dawa hawakusema mapema? Niliuziwa, nikapewa chenji, basi. Hata hakuna aliyeniambia nisimezee na chai ya maziwa, ni maji matupu halafu unasubiri nusu saa mpaka saa nzima ndo ule, na vidonge vya madini ya chuma vikae mbali masaa 4.

Huu mwezi wa tano tangu nianze, nimerudi 50, nafua mashuka yote bila kukaa chini kupumzika. Naipa nyota 4. Ila moyo ukienda mbio sana au kifua kikiuma nenda hospitali siku hiyohiyo, usivumilie.