Miezi 14 na ProLiant DL380 Gen9 hapa Kisumu: ulizia plastiki kabla ya prosesa

Dirisha la chumba chetu cha seva linaangalia ziwa. Wageni husifu mandhari. Mimi nikiliona nawaza jua la saa nane na vile vijidudu vya ziwani.

Natunza kompyuta za chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Kisumu, na chumba hicho kilikuwa stoo ya mafaili. Mashine tuliyokuwa nayo mwanzo, ya kusimama sakafuni, ilijizima mara tatu ndani ya wiki moja, kila mara mchana, foleni ya wanachama ikiwa imefika kwenye ngazi. Ndipo wakubwa wakakubali tununue nyingine: HP ProLiant DL380 Gen9 iliyotumika, prosesa mbili, ramu gigabaiti 64, kwa pesa isiyofika shilingi laki moja na nusu. Aina hii ilitoka mwaka 2014, kwa hiyo makampuni makubwa yanaziondoa na sisi tunazipata. Kuhusu kasi yake sina mengi: kazi yetu inaimudu bila kutoa jasho. Ninachotaka kueleza ni boksi lenyewe, jinsi lilivyoundwa, linavyopumua, na vipande vyake vinavyochomoka. Hapo ndipo nilipojifunza, na hapo ndipo mnunuzi wa seva ya mitumba anapoumizwa.

Nianze na vipimo, maana vilitugharimu. Boksi hili ni la 2U. U ni kipimo cha kimo kwenye raki, yaani fremu ya kufungia seva; U moja ni milimita 44.45, hivyo kimo chake hakifiki sentimita tisa. Upana ni wa raki ya kawaida ya inchi 19. Kwenda nyuma ndiko kwenye kazi: karibu sentimita 68. Kabati tulilokuwa nalo ukutani, lile dogo lenye mlango wa kioo ambalo mafundi wengi mjini wanaliita kabati la seva, lilikuwa na kina cha sentimita 60. Ni la swichi na nyaya za mtandao. Hata lingetosha, kioo kingetuua, kwa sababu mashine hii inavuta hewa kwa uso na kuitoa kwa mgongo. Ukiifungia kioo mbele ni kama kumziba mtu pua. Tukanunua kabati la kusimama, kina cha mita moja, milango ya matundu mbele na nyuma. Kama unapanga bajeti, weka pesa ya kabati humo humo.

Reli zake nilizipenda tangu siku ya kwanza. Zinaingia kwenye matundu ya mraba ya raki na kujifunga zenyewe, unasikia tu "ta!", bila skrubu wala zile nati za kizimba zinazong'oa kucha. Mashine ikijaa vifaa inapita kilo 20, kwa hiyo muwe wawili wakati wa kuipandisha. Ikishakaa, unaivuta kama droo. Sisi tulifunga nyaya za nyuma zikiwa fupi mno, na mara ya kwanza kuivuta nusura zichomoke. Acha nyaya zilegee kiasi cha droo kufunguka yote.

Ukiifungua mfuniko, kwa komeo moja tu, unaona rangi mbili, na rangi hizo ndizo lugha ya mashine. Kila mpini au klipu yenye rangi ya damu ya mzee ina maana kwamba kifaa hicho unaweza kukichomoa mashine ikiwa inaendelea na kazi: diski, feni, pawa saplai. Rangi ya buluu inakuonyesha pa kushika, lakini kwanza uzime. Nimemfundisha kijana wa atachimenti jambo hilo kwa dakika tano na hajalisahau. Ukiwa umebaki peke yako na wanachama wanagonga dirisha la keshia, huna nafasi ya kufungua kitabu.

Siku niliyoamini kwamba aliyechora boksi hili aliwahi kuwa fundi ni siku diski ilipokufa. Tulikuwa na diski mbili za hesabu, kila moja ni pacha wa mwenzake, tulizozinunua kando zikiwa zimetumika. Chapa yake siitaji. Asubuhi nikakuta trei moja inawaka rangi ya kaharabu. Nikamwita yule kijana ashuhudie. Kila trei usoni ina duara dogo la kijani linalozunguka diski inaposoma au kuandika, na pia taa nyeupe kwenye kitufe cha kuitolea. Kijana akapeleka mkono.

"Injinia, ni hii?"

"Soma kwanza taa, kijana wangu."

Alikuwa ameshagusa kitufe cha ile nzima. Na kitufe hicho kilikuwa kinawaka nyeupe, maana yake: usinitoe, data imebaki kwangu peke yangu. Ile iliyokufa haikuwa na taa hiyo nyeupe. Akaondoa mkono polepole. Alipobonyeza kitufe cha ile mbovu, mpini ukaruka mbele wenyewe, akaivuta kidogo, akasubiri izime mzunguko wake, kisha akaitoa yote. Tukafunga diski mpya kwenye trei, tukaisukuma ndani, mpini ukalala, duara la kijani likaanza kuzunguka. Keshia alikuwa anahudumia mama mmoja wakati huo wote na hakujua lolote. Mashine ya zamani ingetudai saa mbili za kuzima, bisibisi na dua.

Sasa nije kwenye joto, ambako nilipoteza usingizi.

Mashine ilipofika kutoka kwa muuzaji, nafasi nane za diski zilikuwa na trei tatu tu. Tano zilikuwa mapengo wazi. Nilipoifungua, ile plastiki kubwa nyeusi inayofunika prosesa na ramu kama paa haikuwemo pia. Nikaiwasha hivyo hivyo. Feni zikapiga kelele kama jenereta, nikadhani ni za kuwasha tu zitatulia. Hazikutulia. Nikaingia kwenye iLO, yaani ile kompyuta ndogo iliyo ndani ya seva ambayo unaifikia kwa kivinjari hata mashine ikiwa imezimwa, nikasoma: feni asilimia 68, prosesa ya pili nyuzi 74, na kazi yenyewe ilikuwa bado ndogo.

Sababu ni rahisi ukiielewa. Feni sita zimepangwa mstari mmoja katikati ya boksi. Zinavuta hewa ipite katikati ya diski, kisha zinaisukuma ipite kwenye mapezi ya vipoza joto na ramu hadi itoke nyuma. Hewa ni kama maji, hutafuta njia nyepesi. Ukiacha pengo la diski, hewa nyingi inakimbilia hapo na diski zilizopo zinabaki na kiu. Ukiondoa lile paa la plastiki, hewa inapita juu ya vipoza joto badala ya kupenya kati ya mapezi yake. Mwongozo wa HP umeandika wazi kwamba mashine isiwashwe mpaka kila nafasi iwe na kifaa chake au kizibo chake. Mashine ikihisi joto, huzidisha mwendo wa feni, na hapo unalipa mara mbili: ukiongeza mwendo wa feni maradufu, hewa inaongezeka maradufu tu, lakini umeme unaoliwa na feni unaongezeka mara nane.

Nilimpigia muuzaji. Jibu lake: "Hizo ni plastiki tu, ndugu yangu, mashine si inawaka?" Wiki mbili nilimsumbua. Wakati huo nilikata majalada magumu ya plastiki ya mafaili nikaziba mapengo kwa gundi ya karatasi, na hata hilo pekee lilipunguza kelele. Hatimaye vizibo na lile paa vikaja kwa basi, vimefungwa gazeti. Nikavibandika mahali pake, nikarudisha mfuniko, nikasikiliza. Ndani ya dakika kama nne sauti ikashuka kama mvua inayopita. iLO ikasoma feni asilimia 31, prosesa nyuzi 58. Kazi ni ile ile, chumba ni kile kile.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona mtu wa huku akiliandika, nalo ni mwinuko. Maelezo ya mashine yanasema inafanya kazi kwenye hewa ya nyuzi 10 hadi 35. Soma mstari unaofuata: hiyo 35 ni ya usawa wa bahari, na unatakiwa kutoa nyuzi moja kwa kila mita 305 unazopanda. Hewa ya juu ni nyepesi. Feni inasukuma ujazo ule ule lakini uzito wa hewa ni mdogo, na joto linabebwa na uzito. Kisumu tuko karibu mita 1,130 juu ya bahari. Piga hesabu, unabaki na 31 na kidogo. Nje hapa mchana wa Februari unafika 30 bila shida, na chumba cha juu chenye dirisha la jua kinapita hapo. Nakuru, karibu mita 1,850, mpaka unashuka hadi kama 29. Mtu wa Mombasa anayelia joto ana nafasi kubwa kwenye karatasi kuliko mtu wa Nakuru anayevaa sweta. Kwa hiyo kiyoyozi nimekiweka nyuzi 24. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa mambo ya joto na baridi, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye mashine iwe kati ya 18 na 27. Kwenye iLO sensa (kipima joto) ya kwanza kabisa ni ya hewa inayoingia; hiyo ndiyo ninayoiangalia kila siku, kuliko ya prosesa. Niliifuatilia hadi nikagundua kwamba hewa ya moto ilikuwa ikirudi mbele kupitia nafasi tupu za kabati juu ya seva. Nikaziba nafasi hizo kwa vibao, ikashuka nyuzi tatu.

Vijidudu vya ziwani navyo vina sura yake. Mkazi wa Kisumu anavijua: vinapanda juu ya maji kama moshi, na usiku vinafuata taa. Mwezi wa tatu nilikuta uso wa seva umevaa utando wa kijivu, na kati ya trei za diski mabawa makavu yamesokotana na vumbi kama pamba chafu. Kuna fundi aliyenishauri nibandike chujio mbele ya seva. Nilikataa, na bado nakataa: chujio likijaa linakuwa kizuizi kile kile cha mlango wa kioo. Nimeweka wavu mwembamba dirishani, taa ya chumba haiachwi usiku, na kila mwisho wa mwezi naivuta mashine kwenye reli nisafishe kwa brashi laini na kipulizio. Siku hiyo naizima kabisa, na feni naishika kwa kidole isizunguke ninapopuliza, kwa sababu ikizungushwa kasi kwa hewa ya nje beringi zake zinaumia.

Kuhusu feni, ikifa moja zilizobaki zinabeba mzigo. Zikifa mbili mashine inajizima yenyewe ijilinde. Unaibadilisha ikiwa inawaka, ila usikawie na mfuniko wazi, maana bila mfuniko hewa inatawanyika. Nina moja ya akiba kwenye droo. Pawa saplai ziko mbili. Moja iko kwenye yuupiesi (UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika), nyingine kwenye laini ya ukutani, na betri za yuupiesi zilipovimba nilihamisha waya saa tano asubuhi bila kuzima chochote.

Kelele usitegemee iishe. Feni za kipenyo kidogo lazima zizunguke kasi ili kusukuma hewa ya kutosha, na boksi la sentimita tisa halina nafasi ya feni kubwa. Usiiweke kwenye chumba wanachokaa watu. Sisi tuna ukuta katikati, na keshia bado husikia ikiwashwa, kwa sababu wakati wa kuwaka feni zote zinakimbia kwa nguvu kwa muda.

Ningenunua tena, na tumeagiza ya pili kwa tawi letu la Nakuru, kutoka kwa muuzaji mwingine. Safari hii nilimtumia picha ya mashine yetu ikiwa wazi, nimezungushia alama nyekundu lile paa la plastiki, kila kizibo cha diski, kila feni na zile reli mbili. Nikamwambia pesa itatumwa nikiona picha ya kila kipande. Jana usiku ametuma picha kumi na moja. Kinakosekana kizibo kimoja cha diski, na amesema anakitafuta.