Seti ya chujio la oili kwa pikipiki ya zamani: chujio nimelifunga, vali nimeiacha

Pikipiki yangu ni Triumph ya silinda mbili, iliyoundwa Uingereza mwaka 1967, na kama nyingi za rika lake oili yake haikai chini ya injini bali katika tangi la pembeni. Pampu ina pistoni mbili ndogo: nyembamba huvuta oili kutoka tangini na kuisukuma hadi kwenye krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni za injini, na ile nene huikusanya oili iliyodondoka chini ya injini na kuirudisha tangini. Kazi yote ya kuchuja iliachiwa nyavu za waya, ambazo huzuia kipande cha gasketi lakini huliacha vumbi la chuma lipite. Ndiyo maana nilinunua seti inayouzwa kwa pikipiki za aina hii, yenye kichwa cha alumini, chujio la karatasi la kufunga kwa kuzungusha kama la gari, mipira ya kupitishia oili, klipu za kuibana, na vali ya kuzuia oili isishuke injini inapokuwa imezimwa. Nimetembea nayo takriban kilomita 3,000, na maoni yangu juu ya chujio na juu ya vali hayafanani hata kidogo.

Nianze na chujio. Maelekezo yanataka lifungwe kwenye njia ya kurudi, na hapo mtengenezaji amefanya uamuzi wa busara, kwa kuwa upande wa kwenda pampu hutegemea kuvuta tu, na kizuizi chochote hapo huinyima injini oili. Upande wa kurudi pampu inasukuma, tena kwa pistoni yenye uwezo mkubwa kuliko ile ya kupeleka. Nimelifunga nyuma ya giaboksi, mdomo wake ukitazama juu, ili niweze kulijaza oili kabla ya kulikaza na lisinimwagikie wakati wa kulibadilisha. Chuma cha kushikilia kilichokuja na seti ni chembamba mno, nacho kilianza kupata ufa kwa mtikisiko, ikanibidi nichonge kingine kinene zaidi. Klipu nazo zilikuwa za aina inayoukata mpira zinapoubana, nikazitupa siku hiyo hiyo.

Kuna jambo ambalo maelekezo hayakuligusa kabisa. Unapousukuma mpira mpya kwenye bomba kavu, ukingo wa bomba hukwangua vipande vidogo vya mpira kutoka ndani. Vikibaki kabla ya chujio havina madhara, lakini vikibaki baada yake huingia tangini, na kutoka huko vinaweza kufika kwenye pampu na kukaa chini ya gololi zinazozuia oili isirudi nyuma. Pakeni bomba oili kwanza, kisha mpulize mpira kwa hewa kabla ya kuufunga.

Baada ya kilomita 500 za kwanza nililikata chujio kwa msumeno wa bomba, nikaikunjua karatasi juu ya gazeti. Mikunjo ilikuwa na ukoko wa kijivu wenye chembe zinazometameta, na sumaku haikuzivuta, dalili kwamba nyingi zilikuwa alumini na si chuma. Lile la pili, nililolikata juzi, lilikuwa na uchafu kidogo sana. Hata hivyo asiwepo mtu wa kudhani kwamba chujio linafanya kazi ya kusafisha injini iliyochafuka zamani. Ndani ya krenki za aina hii mna mrija ambamo uchafu mzito hurushwa kwenye ukuta na kuganda humo kwa miaka. Ukijaa, oili haifiki kwenye beringi, na kuusafisha kunahitaji injini ifunguliwe yote. Vitabu vya Triumph vya miaka ya 1960 vilitaka oili ibadilishwe kila maili 1,500, yaani kama kilomita 2,400, nami bado nafuata muda huo ingawa sasa nina chujio.

Sasa vali. Ni gololi na springi ndani ya kopo la shaba, na inafungwa kwenye mpira unaotoka tangini kwenda pampu. Tatizo inalodai kulitatua ni la kweli: pikipiki ikisimama wiki kadhaa, oili hupenya taratibu kwenye pampu iliyochakaa na kujaa chini ya injini, na siku ya kuiwasha ekzosi hutoa moshi mzito huku bomba la kupumulia likitema oili. Lakini fikirini springi hiyo inaombwa nini. Tangi liko juu ya pampu kwa sentimita 30 hivi, kwa hiyo springi inapaswa kuhimili uzito mdogo mno wa oili, kisha ikubali kufunguliwa na mvuto ambao nao ni mdogo. Pampu ikiwa na hewa ndani, mvuto huo hupotea, gololi haifunguki, na injini huzunguka bila oili pasipo kutoa sauti yoyote ya kuonya hadi beringi ziharibike.

Niliijaribu mezani badala ya kuijaribu barabarani. Niliijaza oili nzito, ya SAE 50, nikaiacha mwezi mmoja, kisha nikavuta hewa kwa mdomo kupitia mrija. Mara mbili za kwanza gololi haikusogea. Sihitaji ushahidi mwingine, na sielewi kwa nini kitu kama hicho kinawekwa sanduku moja na chujio zuri namna hii.

Badala yake, pikipiki ikiwa imesimama muda mrefu, nafungua bolti iliyo chini ya injini, nakinga oili kwenye bakuli safi, nairudisha tangini kupitia kitambaa, halafu ndipo napiga kiki. Kisha nafungua mfuniko wa tangi na kutazama bomba la kurudishia: oili ikitoka kwa kurukaruka, imechanganyika na hewa, pampu ya kurudisha iko hai. Kina cha oili nakipima baada ya injini kuzunguka dakika chache, maana anayepima asubuhi tangi likiwa limeshuka ataongeza oili isiyohitajika, na kwa chujio hili jipya, ambalo lenyewe humeza oili kiasi linapojaa mara ya kwanza, kosa hilo ni rahisi zaidi kulifanya.