Uzoefu wangu: laptop kukosa sauti baada ya kuapgredi kwenda Windows 11

Windows 10 iliishiwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi tumehamia 11 hata kama hatukuwa na hamu nayo. Laptop yangu ni ya mtumba ila bado ina nguvu, ikapanda freshi kabisa, mafaili yote yapo, kasoro sauti tu. Volyumu inapanda, ukipiga wimbo kimya, ukichomeka earphone kimya, na ukiingia Device Manager (sehemu ya Windows inayoorodhesha vifaa vya kompyuta) inakuambia kifaa kiko salama, aisee inakera.

Fundi mmoja akasema spika zimeungua. Sasa spika ziungue pamoja na tundu la earphone siku moja? Nikaunga spika ya Bluetooth, ikaimba vizuri tu, hapo nikajua shida ni draiva ya sauti ya ndani, yaani ile programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa cha sauti, vyuma havina kosa.

Kwenye tovuti ya waliotengeneza laptop draiva ya mwisho ya modeli yangu ni ya Windows 10, bando likaenda na ikagoma. Zile programu za kusasisha draiva zenyewe kwa zenyewe sikuzigusa, nyingi zinakagua bure halafu kwenye kurekebisha wanataka hela.

Iliyonitoa ni draiva ambayo Windows inakuja nayo, haina haja ya intaneti. Device Manager, fungua Sound, video and game controllers, right-click kwenye Realtek (ndiyo chipu ya sauti ya laptop yangu), Update driver, Browse my computer, Let me pick, hapo chagua High Definition Audio Device, itakutisha kidogo na onyo, we kubali, kisha ristati. Ilipowaka tu sauti ikarudi.

Haijakamilika lakini. Besi imepungua kwa sababu ile programu ya kunogesha sauti ya kampuni haifanyi kazi tena, na maiki inadaka feni na pikipiki zote za nje, kwenye mikutano ya mtandaoni inabidi nivae earphone. Kwa muvi na simu za WhatsApp inatosha, naipa nyota nne.

Ila kama kwenye laptop yako unaona jina Intel Smart Sound Technology, hiyo High Definition Audio Device inaweza isitokee kwenye orodha, hapo itabidi utafute ya modeli yako hasa. Na kabla ya yote bonyeza alama ya spika uangalie sauti inaelekea wapi, maana ukiwa umechomeka skrini ya HDMI inaweza kuwa imehamia huko.